Bwana wa Chelangat

Ndugu zangu wa kwaya, niliposhuka kwenye basi pale Mbale, hapa kwetu Maragoli, nikiwa na koti langu tu, mlinizunguka kama kuku waliomwagiwa mtama, kila mmoja na swali lake. Mke yuko wapi? Ulimpata? Amekukataa? Mama Rabeka peke yake ndiye aliyeuliza sanduku langu la useremala liko wapi, nanyi mkamkatiza, mkamwambia aache mambo ya misumari, watu wanataka kusikia habari za harusi. Nikasema nimechoka, nitawaambia baadaye. Tangu siku hiyo nimejaribu kuwaeleza mara kadhaa, lakini kila nikifika katikati mnacheka au mnashika vichwa, nami mwenyewe nachanganyikiwa tena. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Atakayesoma kwa sauti asirukeruke.

Wengi wenu mnajua mwanzo wake. Kabla ya Uhuru nilikuwa fundi mdogo kwenye shamba la chai karibu na Kericho, na Chelangat alikuwa mchuma chai. Tulipendana. Nilirudi huku nyumbani kuwaita wajomba twende kwa baba yake, lakini kukawa na matanga, halafu matanga mengine juu ya hayo, na wajomba hawaposi watu wakiwa msibani. Tulipofika kule, baba yake alikuwa amekwisha kumwondoa kambini na hakuna aliyetaka kutuambia alikopelekwa. Nikarudi, nikamwoa Rasoa, mnayemkumbuka wote. Hatukujaliwa mtoto, na sasa ni miaka mitatu tangu tumzike. Basi alipokuja likizo Musa, yule anayefanya kazi kiwandani huko kwenye chai, akasema, "Nimemwona Chelangat soko ya Kericho anauza kabichi. Nimeulizia, nikaambiwa nyumba yake haina mwanaume," mimi sikulala vizuri tena. Nilibeba sanduku langu la vifaa kwa sababu sijui kusafiri bila hilo, na kwa sababu mtu akiniuliza ninakwenda wapi ningesema natafuta kazi.

Kisumu mpaka Kericho

Basi lilikuwa zima mpaka tulipouacha ule uwanda wa miwa na joto na kuanza kupanda. Usawa wa njia ya kwenda Soin likaanza kutoa mvuke, kisha likasimama lenyewe bila kuombwa. Utingo alishuka na debe kwenda kutafuta maji mtoni, akakaa huko mpaka tukaanza kusema labda ameoa. Abiria tulikaa kwenye majani tukila mahindi ya kuchemsha ya mama mmoja, ambaye nadhani hukaa pale akijua mabasi yote hufia pale.

Kando yangu alikaa mzee wa Kipsigis mwenye kofia ya manyoya. Akaligonga sanduku langu kwa fimbo.

"Hii ni ya kazi kani?"

"Useremala, mzee."

"Unaenda kujenga nyumba ya nani?"

Nikasema sijui bado. Akanitazama sana. "Mtu anabeba nyundo na hajui nyumba?" Akaguna na kuendelea kula mahindi yake. Nilidhani ananidharau. Leo naona aliuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa njiani.

Basi lilipopona tuliingia kwenye baridi. Nilikuwa nimesahau Kericho. Vile vilima vya chai vilivyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, na lile wingu la mchana linalokuja kila siku kama karani anayekwenda kazini. Moyo wangu ukaanza kudunda nikauambia utulie, hata kabichi hatujaiona.

Kambini, siku ya mvua ya mawe

Sokoni sikumwona. Nilizunguka kwenye kabichi mpaka akina mama wakaanza kunishuku. Basi nikaenda kule kwenye kambi yetu ya zamani, nyumba zile zile za safu, milango ile ile. Mlango mmoja niliupachika mimi mwenyewe na bado ulikuwa unafunga vizuri, nikafurahi kidogo.

Kambini bado anaishi Truphena, dada yetu kutoka huku kwetu, ambaye amechuma chai tangu tulipokuwa vijana. Aliponiona alishika kiuno.

"Zakayo! Umekuja kufanya nini, na umezeeka hivi?"

Kabla sijajibu mawe yakaanza kumwagika juu ya mabati, tukawa tunapiga kelele bila kusikizana. Ilibidi tungoje. Alinipa ugali na mboga ya kienyeji, tukala huku tukitazama mvua ya mawe ikiuharibu mchicha wake pale mlangoni. Ilipotulia nikamwambia nilichofuata. Uso wake ukabadilika.

"Chelangat ameolewa, ndugu yangu. Ng'ombe zililetwa, watu walisikia."

"Lakini Musa ameniambia hakuna mwanaume kwake."

"Musa anajua nini? Mimi nimesikia ana bwana. Bwana mkali hata, lakini anamtunza."

"Umemwona huyo bwana?"

Truphena alifikiri. "Hapana. Hata hakuna mtu nimesikia amemwona. Inasemwa tu."

Niliona nirudi nyumbani. Nawaambia kweli, nilisimama nikachukua sanduku. Mwanamke akiwa na mume wake, mtu wa kanisa hana haki ya kupita hata mbele ya nyumba. Lakini ni Truphena huyo huyo aliyenishika mkono akasema kaka yake Chelangat, Joeli, anauza viazi Chepseon, na kwamba mtu akitoka Maragoli mpaka Kericho hawezi kurudi na habari ya nusu. Hapo alisema kweli. Habari ya nusu ndiyo ilinitoa nyumbani.

Chepseon, kwa Joeli

Chepseon iko upande mwingine kabisa. Mtu anayekwenda kumtafuta Chelangat akipitia Chepseon ni sawa na mtu anayekuna goti ili sikio liache kuwasha, lakini nilikuwa sijajua. Nilifika siku ya soko. Joeli alikuwa mdogo nilipomjua, sasa ana ndevu na tumbo, amesimama juu ya magunia ya viazi. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shemeji!" akapaza sauti. Watu wote wakageuka.

Nilimvuta pembeni nikamwomba asiniite hivyo mbele ya watu, dada yake ni mke wa mtu. Akacheka. Sasa nitayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, ili mjue si mimi niliyekuwa mjinga.

"Joeli, dada yako ameolewa?"

"Ndio. Aliolewa vizuri. Ng'ombe ilikuja sita na mbuzi. Mimi mwenyewe nilichagua hiyo ng'ombe."

"Na bwana yake yuko?"

"Pwana yake iko."

"Musa alisema kwa Chelangat hakuna mwanaume."

"Ee, Musa amesema kweli. Mwanaume hakuna."

"Sasa bwana yuko ama hayuko?"

"Iko! Si nimekuambia iko?" Akamgeukia mteja akampimia viazi, akarudi. "Nyumba ni ya arap Maritim, upande ya Kaplong. Ng'ombe iko, majani chai iko, watoto wawili iko. Nini inasumbua wewe?"

Nilikaa juu ya gunia. Nikafikiri labda huyo bwana amefungwa jela. Nikafikiri labda ni kiwete, au amerukwa na akili, na watu wanamficha kwa heshima. Nikamuuliza kwa upole kama bwana wa dada yake ni mgonjwa.

"Mgonjwa? Hapana! Ana nguvu kuliko wewe. Analima."

"Nikienda kumsalimu Chelangat, hatanipiga?"

Joeli alicheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuvuka barabara. "Shemeji, wewe enda. Lakini sikiza mimi. Usisalimie dada kwanza. Salimia pwana kwanza. Yeye anapenda heshima sana. Na bebea yeye ugoro. Akiona wewe na ugoro atafurahi. Amekuwa akitafuta mwanaume mzuri kama wewe."

Anatafuta mwanaume mzuri wa nini? Nilimuuliza. Lakini mteja alikuwa anapiga kelele kuhusu viazi vilivyooza, na Joeli kwake swali lilikuwa limekwisha. Nimekuja kuelewa kwamba hakunificha kitu. Kwao jambo lile liko wazi kama mlango wa mbele, na hakuna anayemweleza mwenzake mlango ni nini. Na mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kambini, nilikuwa nimeishi na watu wa kwetu tu. Wenyeji niliwajua kwa salamu, maziwa na Chelangat.

Nikanunua ugoro. Jamani, nilimnunulia zawadi bwana wa mwanamke ninayempenda, nikaufunga vizuri kwenye jani la mgomba.

Lori la kwenda Kaplong

Nilirudi Kericho, nikapata lori la mbolea linalokwenda Sotik. Dereva aliitwa Njoroge, mtu wa maneno mengi. Njiani nilimweleza mambo yangu, maana nilikuwa nimejaa na hakuna kwaya ya kunisikiliza. Akakanyaga breki.

"Ngai! Yaani unaenda kwa bibi ya mtu na sanduku ya nyundo?"

"Ni za kazi."

"Utasema hivyo kwa polisi."

Mbele ya Litein barabara ilikuwa uji. Lori lilizama mpaka nusu ya gurudumu. Nilifungua sanduku nikatoa shoka, tukakata matawi na kuyatandika. Wanawake waliokuwa wakitoka kupeleka majani chai waliweka vikapu vyao kando wakatusukuma, wakicheka kwa lugha yao, na mmoja akatuletea maziwa kwenye kikombe cha bati. Njoroge, akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, alikuwa bado yuko kwenye mambo yangu.

"Mimi naona hivi," akasema. "Huyo bwana hayuko. Amekufa. Wanaogopa kusema kwa sababu wewe ni mgeni. Wewe enda, chukua bibi yako, urudi."

Nawaambia, maneno yale yalinipa nguvu. Tulipofika Kaplong nilikuwa nimekwisha kuamini. Nikashuka pale njia panda, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akitoka hospitali ya misheni na mtoto mgongoni, kwa arap Maritim ni wapi.

"Ni pale juu, ile nyumba na miti mbili."

"Mzee mwenyewe yuko?"

"Arap Maritim? Alikufa hata kabla ya Uhuru."

Nusura nimkumbatie. Nikasema, kumbe, kwa hiyo Chelangat ni mjane. Akanikazia macho.

"Mjane? Hapana. Pwana yake iko. Asubuhi tumekutana naye akipeleka maziwa."

Akaenda zake. Nilisimama pale na sanduku langu na ugoro wangu, mtu mzima, nikatamani kulia.

Kwa arap Maritim

Nilipanda kile kilima polepole. Kulikuwa na kishamba cha chai kilichotunzwa vizuri, boma la ng'ombe, na nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Fundi ni fundi: kabla ya kuona mtu niliona kwamba paa limeinama upande mmoja, na kwamba nguzo ya ndani lazima imeoza.

Watoto wawili walikuja mbio. Msichana alikuwa na umri kama wa miaka kumi, na mvulana mdogo. Wakasimama mbele yangu wameinamisha vichwa, nikawagusa utosini kama desturi yao ilivyo. Msichana alikuwa na macho ya Chelangat. Nikamuuliza wao ni watoto wa nani.

"Wa arap Maritim," akasema.

Hapo ndipo nywele zilisimama. Marehemu alikufa kabla ya Uhuru, na mvulana huyu hata meno ya mbele yalikuwa hayajamng'oka. Mimi si mtu wa kuamini mizimu, mnanijua, lakini nilirudi nyuma hatua moja.

Barazani akatokea bibi kizee, mwembamba, mrefu, shuka begani, jembe mkononi likiwa na udongo mbichi. Nikamwamkia. Akauliza natafuta nani. Nikakumbuka maneno ya Joeli, nikasema kwa heshima zote:

"Nimekuja kumsalimu bwana wa Chelangat. Nimemletea ugoro."

"Leta," akasema, akanyoosha mkono.

"Samahani mama, ningependa kumpa mwenyewe."

"Sasa unapea nani? Ni mimi."

Nilidhani hakunielewa, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nikarudia taratibu: bwana, mume, yule aliyetoa ng'ombe. Akaweka jembe chini, akajipiga kifuani kwa kiganja.

"Ng'ombe sita. Mbuzi. Mimi, Taprandich. Nilioa Chelangat, nilileta hapa, hii ni bibi yangu. Sasa leta ugoro."

Nikampa. Alivuta, akapiga chafya, akafurahi. Kisha akashika mikono yangu miwili na kutema mate kidogo kwenye viganja vyangu. Nilijua kwamba ni baraka, lakini mtu akiwa amechanganyikiwa hata baraka humshtua. Nikabaki nimeinua mikono, sijui niipanguse au niache ikauke.

Akanipa kigoda na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha yenye masizi ya mti, na akaanza kunieleza kama anayemweleza mtoto. Aliolewa na arap Maritim, hakuzaa. Mzee akafa. Nyumba ambayo haina mtoto wa kiume, ardhi na ng'ombe zake huenda kwa watu wengine, na jina hufa. Lakini mwanamke mzee anaweza kutoa ng'ombe, akaoa msichana kwa desturi zote, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile na wanalichukua jina lile.

"Na baba yao ni nani?" nikauliza. Najua halikuwa swali la adabu.

"Baba yao ni mimi."

"Nauliza yule… mwanaume."

"Alikuja, alienda, hakurudi." Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Mwanaume ni mgeni. Baba ni mimi."

Nikanywa mursik. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa kumchukia. Nilikuwa nimefikiria hata ndevu zake. Sasa niliketi mbele ya bwana wa mpenzi wangu, naye ananiongezea maziwa, na sikujua nimwite mama, mkwe, au mwenzangu.

Ndipo Chelangat akatokea njiani na kikapu cha chai mgongoni. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi moja moja imeanza. Aliponiona alisimama. Hakutabasamu. Alikishusha kikapu, akakiegemeza ukutani, akajifuta mikono kwenye aproni ya turubai.

"Ulikawia," akasema.

Nguzo

Tulizungumza tukiwa tumekaa nje, yeye akichambua majani mabovu kutoka kwenye kikapu, kwa sababu yangekataliwa pale yanaponunuliwa. Nilimwambia habari za matanga na wajomba. Alikuwa hajui. Alidhani nilirudi kwetu nikasahau.

"Mlikuja kweli?"

"Tulikuja. Baba yako alitunyima hata maji."

Aliyatupa chini majani yaliyokuwa mkononi mwake. "Hakuniambia," akasema. "Mpaka amekufa hakuniambia." Kisha akaanza kulia bila sauti, nami nikalia pia, na Taprandich pale barazani akageuza kigoda chake atazame upande mwingine.

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Twende Maragoli, nina nyumba ya mabati, niko peke yangu. Hapo akapangusa uso.

"Zakayo, baba alitaka kunipeleka kwa mzee mwenye wake watatu. Huyu mama akaja na ng'ombe zake. Baba akaniuliza ni yupi, kwa sababu nilikuwa nimekataa kula. Nikachagua huyu. Hajawahi kunipiga. Nilipozaa alishika mtoto kabla yangu. Hii chai nimepanda mimi. Nikienda na wewe, watoto wanabaki, ni wa nyumba hii. Na huyu nimwachie nani?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye umesafiri."

Taprandich hakungoja tumalize. Alinihitaji ndani. Ile nguzo ilikuwa kama nilivyodhani, imeliwa na mchwa chini, na paa limekalia upande. Akasema jirani zake wote wameahidi kuirekebisha. Basi nilikaa. Nilikata mti, nikautengeneza, nikashikilia paa kwa miti ya muda, nikatoa nguzo mbovu na kuingiza mpya. Wakati nikifanya kazi aliketi hapo na ugoro wake. Aliniambia ndoa yake na Chelangat kwa lugha yao inaitwa kwa jina la hiki hiki nilichokuwa nikifanya, mti wa kuegemeza nyumba isianguke.

"Watu wa kwenu hawana?"

"Hatuna, mama."

"Sasa nyumba yenu ikianguka mnafanya nini?"

Nilifikiria nyumba yangu ya mabati, mimi na Rasoa ndani yake miaka yote ile bila mtoto, na sasa bila Rasoa. Nikaendelea kuranda.

Siku nguzo iliposimama, wakati wa chai ya saa nne, akatuita mimi na Chelangat akasema neno lake. Nikitaka, nikae. Nitakuwa mtu wa nyumba hii, nitakula hapa, nitalala hapa, hakuna atakayeuliza, yeye mwenyewe ndiye anayekubali. Na Mungu akitupa mtoto, atakuwa wa arap Maritim.

"Na jina langu?" nikauliza.

"Jina yako iko na wewe. Nani amechukua? Lakini hapa iko jina moja."

Mnanijua. Sina mtoto. Tangu nioe nimeomba mtoto mmoja tu wa kuitwa kwa jina la baba yangu, na nyinyi mmeniombea Jumapili nyingi. Sasa huyu mama ananiambia naweza kupata mtoto wa kumbeba na kumfundisha kushika randa, lakini aitwe kwa jina la mtu aliyekufa ambaye sikumjua. Na mchungaji je? Nitamwambia ni ndoa gani hii, mimi na mke wa mama mzee? Nilikasirika. Nilitoka nje nikaitembea ile chai mpaka suruali ikalowa yote. Nilimkasirikia Taprandich, kisha nikaona hana kosa. Nikamkasirikia marehemu arap Maritim, nikaona ni ujinga. Mwishowe nilirudi nikamwambia Chelangat lazima niende nyumbani kwanza nikatengeneze mambo yangu, kisha nitarudi.

Alikuwa anaosha vibuyu. Hakuinua kichwa.

"Hata ile safari ulisema hivyo," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Nikasema safari hii ni kweli. Akasema hata ile ilikuwa kweli.

Kurudi

Ya njiani wakati wa kurudi ni machache. Basi halikuharibika. Truphena alinipa ndizi nikampa habari, akasema "Mungu wangu!" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Pale karibu na Soin nilimtafuta yule mama wa mahindi nikamwona amekaa anangoja basi lingine life.

Sasa nimekaa na nyinyi wiki kadhaa na mmenishauri yote. Yohana anasema ile ni ndoa ya kipagani. Asha wa sauti ya pili anasema bora hivyo kuliko kuzeeka na paka. Mchungaji amesema ataomba, na uso wake ulionyesha hajui ataomba nini. Kuna wanaocheka kwamba Zakayo ameolewa, tena na wanawake wawili. Chekeni. Mkiniuliza kama jambo hili ni sawa, sijui. Mkiniuliza mtoto wa jina la mwingine ataniuma moyoni kiasi gani, hilo pia sijui, na huenda likaniuma siku zote.

Lakini kuna kitu sikuwaambia, kwa sababu aliyekiuliza mlimkatiza. Asubuhi ile ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kubeba sanduku langu begani. Nilifika pale kwenye boma, nikageuka, nikamwona Chelangat amesimama mlangoni, mkono wake umeshika ile nguzo mpya, na uso wa mtu ambaye amekwisha kujua mwisho. Nikarudi. Nikaliingiza sanduku ndani, msumeno, randa, patasi za baba yangu, vyote, nikalisukuma chini ya kitanda. Taprandich akaniuliza ninafanya nini. Nikasema ni zito, nitalibebea nini. Chelangat alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, akacheka.

Kwa hiyo, Mama Rabeka, swali lako lilikuwa zuri. Sanduku liko Kaplong, na ufunguo anao Chelangat. Mimi nilikuja huku kuwaaga.